Kioo, kauri au fueli yenyewe? Taka za kinu cha Buyende zifungwe ndani ya nini

Tangu Serikali ilipotangaza kwamba kinu cha kwanza cha umeme wa nyuklia nchini Uganda kitajengwa Buyende, kando ya Ziwa Kyoga, watu wa huku mashariki wanauliza taka zake zitazikwa wapi. Ni swali la haki, na kila mzazi wa Busoga ana sababu ya kuliuliza. Lakini lipo swali linalolitangulia, nalo nadra ulisikie redioni: kabla ya kuzikwa, taka hizo zitafungwa ndani ya nini? Shimo na kopo la chuma hulinda kwa muda wake. Chuma huliwa na kutu, na maji ya ardhini yana subira kuliko mjenzi yeyote. Siku maji yatakapofika, kitakachokuwa kimesimama kati yake na mionzi ni kile kitu kigumu ambacho taka zimo ndani yake.

Naandika kutoka Tororo, jirani na vilima vya Sukulu. Mimi ni mtu wa miamba kwa elimu, na udongo wa vilima hivyo una madini ambayo maabara za nje zimetumia zaidi ya miaka 40 kuyaiga kwa ajili ya kazi hii. Nitayafikia. Kwanza niseme ninakosimama: hakuna nyenzo moja inayozishinda zote, na kwa nchi inayoanza kama yetu uamuzi wa kwanza ni kama fueli iliyotumika itavunjwavunjwa ili urani na plutoniamu zitolewe, yaani itachakatwa, au itaachwa nzima. Kioo na kauri (nyenzo ngumu ya madini yaliyookwa, kama ya vigae) zinaingia baada ya hapo, kila moja kwa aina yake ya taka.

Kinachofungwa ni nini

Fueli ya vinu vya kawaida ni vidonge vya oksidi ya urani, vyenye kipenyo kisichofika sentimita moja, vilivyopangwa ndani ya mirija mirefu ya aloi ya zirkoniamu. Kinu cha megawati 1000 hutoa takriban tani 20 hadi 25 za fueli iliyotumika kwa mwaka. Kikifanya kazi miaka 60, hizo ni kati ya tani 1,200 na 1,500. Asilimia 95 hivi ya fueli hiyo bado ni urani, karibu asilimia 1 ni plutoniamu, na asilimia 3 hadi 4 ni mabaki ya atomi zilizopasuka. Mionzi mikali ya miaka ya mwanzo hutoka hasa kwenye mabaki hayo.

Ugumu wote wa kuchagua unaanzia hapa, kwa sababu vitu hivyo havina tabia moja. Sesiamu-137 na strontiamu-90 hupungua nusu kila baada ya miaka 30 hivi, kwa hiyo katika miaka 300 hubaki kama sehemu moja ya elfu. Plutoniamu-239 inahitaji miaka 24,100 kupungua nusu, neptuniamu-237 inahitaji zaidi ya miaka milioni 2, na iodini-129 karibu miaka milioni 16. Kikemia nako zinapishana. Sesiamu ni atomi kubwa yenye chaji ndogo na huyeyuka majini kwa urahisi. Plutoniamu ina chaji kubwa na kwa kawaida hupenda kukaa palipo na madini kama yake. Iodini ina chaji hasi, na ukiipasha moto hugeuka mvuke kabla hujaanza kazi. Nyenzo inayomshika mmoja wao vizuri inaweza kumwachia mwenzake aende zake. Mtu akikuambia kwamba kauri fulani inafaa "kwa taka za nyuklia", muulize anamaanisha taka gani.

Kioo na Synroc

Kioo ndicho chenye uzoefu. Ufaransa ilianza kuyeyusha taka kali ndani ya kioo cha borosiliketi katika kiwanda cha Marcoule mwaka 1978, kisha La Hague mwaka 1989. Uingereza inafanya hivyo Sellafield, na Marekani ilianza Savannah River mwaka 1996. Kazi yenyewe huenda hivi: fueli iliyotumika huyeyushwa kwa asidi ya naitriki, urani na plutoniamu hutolewa, na majimaji yanayobaki hukaushwa hadi yawe unga. Unga huchanganywa na vipande vya kioo kwenye tanuri la nyuzi 1,100 hivi za Selsiasi, kisha mchanganyiko huo ulioyeyuka humiminwa ndani ya kopo la chuma kisichoshika kutu. Kopo moja la La Hague hubeba kama kilo 400 za kioo, na likiwa jipya hutoa joto la takriban kilowati 2 bila kuunganishwa na waya wowote.

Nguvu ya kioo ni kwamba hakichagui. Atomi ndani yake hazina safu. Hujipenyeza popote penye nafasi, kama abiria wa taksi za Kampala jioni ya mvua. Katika kauri kila atomi ina kiti chake chenye ukubwa na chaji maalumu: anayetosha hukaa imara, asiyetosha huachwa kituoni. Ndiyo maana kioo kinapokea karibu kila elementi iliyomo kwenye majimaji ya taka, hata muundo wa taka ukibadilika kidogo wiki hadi wiki, nacho kiwanda kinaendelea kumimina.

Lakini kisichochagua pia hakishiki kwa nguvu. Taka zikizidi asilimia 20 hivi ya uzito, matatizo huanza. Molibdenamu na salfa hujitenga na kufanya tabaka la njano linaloyeyuka majini, tena tabaka hilo huvuta sesiamu ndani yake. Sesiamu na rutheniamu kwa sehemu hugeuka mvuke ndani ya tanuri na kulazimu mitambo ya ziada ya kuzinasa. Plutoniamu huingia kidogo tu. Na kioo kikikutana na maji kabla hakijapoa, yaani maji ya nyuzi 100 na zaidi, huharibika haraka. Hivyo makopo hukaa ghalani kwa miongo kadhaa yakipoa kabla ya kufikiriwa kuzikwa.

Mshindani wake mkubwa alizaliwa Australia. Mwaka 1978 Ted Ringwood, mwanajiolojia wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia, alitoa wazo ambalo mtu wa miamba hawezi kulisikia bila kusisimka: ikiwa yapo madini ambayo yameshika urani na thoriamu kwa mamia ya mamilioni ya miaka, ndani ya miamba iliyopitiwa na maji na joto, basi tuyatengeneze madini hayohayo na kuweka taka ndani yake. Akaiita nyenzo yake Synroc. Ni mchanganyiko wa madini ya titaniamu, na kila moja lina wageni wake. Holandaiti hushika sesiamu na bariamu. Zirkonolaiti hushika urani, plutoniamu na jamaa zao. Perovskaiti huchukua strontiamu na madini adimu. Teknetiamu na metali nyingine hubaki kama punje ndogo za aloi katikati yao.

Ukiziweka zote mbili kwenye maji ya nyuzi 90, kama maabara zinavyofanya, Synroc huliwa polepole zaidi kuliko kioo, mara kumi hadi mara mia na hata zaidi kutegemea elementi inayopimwa. Takwimu hizi ni za kweli, ila naomba uzisome kwa makini, maana hapa ndipo watu wengi hupotoshwa. Kioo kinapokutana na maji safi ya moto, mwanzoni hupoteza takriban gramu moja kwa mita ya mraba kwa siku. Baadaye, kama maji hayabadilishwi, juu yake hujengeka utando wa jeli na kasi hiyo hushuka maelfu ya mara. Anayelinganisha kasi ya mwanzo ya kioo na kasi ya baadaye ya kauri anaipendelea kauri. Ndani ya mwamba usio na nyufa nyingi, ambamo maji yanatambaa, pengo kati ya viwili hivyo hupungua. Palipo na maji yanayopita kwa wingi, au joto kubwa, kauri inaongoza waziwazi. Na hata ndani ya Synroc kuna mnyonge: perovskaiti huwahi kuachia kalisi na strontiamu kabla ya wenzake.

Kinachoiangusha Synroc ni utengenezaji. Kioo humiminwa, kauri lazima ishindiliwe. Unga wa taka na oksidi huwekwa ndani ya kopo la chuma, kopo hufungwa na kuondolewa hewa, kisha hubanwa kila upande kwa gesi yenye shinikizo la angahewa 1,000 hivi, katika joto la nyuzi 1,200 na zaidi. Yote hayo hufanywa kwa mikono ya mashine, nyuma ya kuta nene, mahali ambapo fundi hawezi kuingia kukaza nati iliyolegea. Faida ni kwamba kopo lililofungwa haliachi mvuke wa sesiamu utoke, na kauri hubeba taka nyingi katika ujazo mdogo. Hasara ni kwamba unga ni mgumu kuushughulikia kuliko majimaji, na kila kundi la taka linahitaji mchanganyiko wake wa madini uliopimwa sawasawa. Mwaka 1982 Marekani iliipima Synroc na nyingine kadhaa kwa ajili ya Savannah River, ikachagua kioo. Sababu kubwa ilikuwa urahisi wa kiwanda.

Synroc haikufa. Shirika la nyuklia la Australia, ANSTO, limeendelea kuijengea kiwanda huko Lucas Heights kwa ajili ya majimaji yanayobaki baada ya kutengeneza molibdenamu-99 ya hospitali. Ni aina moja ya taka, inayojulikana muundo wake, isiyo nyingi sana. Katika hali kama hiyo, mimi ningechagua kauri bila kusita. Kwa majimaji ya fueli iliyochakatwa, yenye elementi kadhaa zilizochanganyika na zinazobadilikabadilika, ningekubaliana na Wafaransa na kubaki na kioo.

Madini ambayo Sukulu inayajua

Kwa plutoniamu peke yake hesabu inabadilika, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo kauri inapoonyesha thamani yake.

Udongo mwekundu wa Sukulu, uliotokana na kuoza kwa mwamba wa volkano ya kale wenye kaboneti nyingi, una apataiti, pairoklori, zirkoni na badeleiti. Wachimbaji wanautaka kwa ajili ya mbolea ya fosfeti na chuma. Mtu anayefikiria taka za mionzi huona kitu kingine: hayo ni madini yaliyobaki baada ya mwamba wake kuyeyushwa na mvua za kitropiki kwa muda mrefu sana. Kaboneti imeondoka, pairoklori na zirkoni zipo. Huo ni mtihani wa maji ambao hakuna maabara inayoweza kuurudia.

Maji ni adui mmoja. Adui wa pili anatoka ndani. Plutoniamu inapooza, yaani atomi yake inapovunjika yenyewe, hurusha chembe ndogo iitwayo alfa upande mmoja, na kiini kilichobaki husukumwa upande mwingine kikigonga atomi za jirani na kuzitoa mahali pake. Baada ya muda mpangilio wote wa fuwele huvurugika, kauri huvimba, na inaweza kupata nyufa ambamo maji yatapita. Ili kuona jambo hilo bila kungoja maelfu ya miaka, watafiti huweka plutoniamu-238 badala ya 239. Hiyo hupungua nusu kila miaka 88 hivi, kwa hiyo uharibifu unaharakishwa karibu mara 275.

Zirkoni ilipopimwa hivyo ilitoa funzo gumu. Hii ni fuwele yenye sifa kuliko zote: chembe za zirkoni kutoka Jack Hills, Australia, zina umri wa miaka bilioni 4.4, na ni kwa zirkoni ndipo wanajiolojia wanasoma umri wa miamba ya zamani, ikiwemo ya Uganda. Hata hivyo, mwaka 2007 watafiti wa Cambridge na wenzao wa Marekani walionyesha kwamba kila mwozo mmoja wa alfa huvuruga takriban atomi 5,000 ndani yake, nyingi kuliko ilivyodhaniwa. Zirkoni iliyobeba asilimia 10 ya plutoniamu-239 ingepoteza mpangilio wake katika miaka 1,400 hivi. Ikivurugika kabisa huvimba kama asilimia 18. Chembe za asili zilidumu kwa sababu urani yake ilikuwa kidogo na joto la ardhini lilikuwa likiziponya polepole. Umri mkubwa wa madini, basi, hautoshi kuwa cheti cha kazi hii. Lazima uulize yalikuwa yamebeba kiasi gani.

Zirkonolaiti nayo huvurugika, lakini huvimba kwa asilimia 6 hivi tu, na hata ikivurugika huendelea kuishika plutoniamu vizuri. Pairoklori za titaniamu zinafanana nayo. Marekani ilizichagua miaka ya 1990 kwa ajili ya plutoniamu iliyotoka kwenye silaha, zikiwa na asilimia 10 hivi ya plutoniamu pamoja na hafniamu na gadoliniamu za kumeza nyutroni ili atomi zisianze kupasuana ndani ya kopo kama kwenye kinu. Mpango huo ulisimamishwa mwaka 2002 kwa uamuzi wa kibajeti na kisiasa. Pairoklori ya gadoliniamu na zirkoniamu ni ngumu zaidi: badala ya kuvurugika, atomi zake hujipanga upya katika mpangilio mwingine wa fuwele na kauri hubaki imara. Ubaya wake ni bei ya gadoliniamu na joto kubwa linalohitajika kuioka.

Monazaiti, fosfeti ya madini adimu, ina tabia inayonivutia kuliko zote. Hubeba thoriamu nyingi sana kwa asili, lakini wachimbaji hawaikuti ikiwa imevurugika, kwa sababu hujiponya kwenye joto la kawaida la ardhini. Kwa amerisiamu, elementi nyingine ya mionzi inayozaliwa ndani ya fueli, na jamaa zake ningeiweka mbele. Apataiti ni jamaa wa karibu wa madini ya meno na mifupa yetu. Nayo hujiponya upesi, na kuna apataiti za risasi na vanadiamu zilizobuniwa Ufaransa kushika iodini, ambayo kioo na Synroc zote zinaikosa. Bado ni za maabara.

Ushahidi kwamba mambo haya si ya vitabuni tu ulikuja Januari 2025, Serikali ya Uingereza ilipoamua kwamba akiba yake ya plutoniamu ya raia iliyoko Sellafield, takriban tani 140, itafungwa ndani ya nyenzo ngumu badala ya kugeuzwa fueli. Kauri ya zirkonolaiti iliyoshindiliwa kwa gesi ni miongoni mwa njia ambazo maabara zao zimekuwa zikiziandaa.

Fueli nayo ni kauri

Jambo hili husahaulika, nami naona ndilo lenye uzito mkubwa kwetu. Kile kidonge cha oksidi ya urani kinachoingia kwenye kinu ni kauri tayari. Kimeokwa kwa nyuzi 1,700 hivi, na huyeyuka kwenye nyuzi zaidi ya 2,800. Kikitoka kwenye kinu, plutoniamu na jamaa zake wengi bado wamo ndani ya fuwele zake. Finland imeamua kutokivunja. Huko Olkiluoto fueli nzima itawekwa ndani ya makopo ya shaba, yazungushiwe udongo wa bentonaiti, yazikwe zaidi ya mita 400 ndani ya mwamba wa kale. Sweden ilianza kujenga shimo la namna hiyo Forsmark, Januari 2025.

Afrika ina ushahidi wake. Mwaka 1972 iligunduliwa kwamba kwenye mgodi wa urani wa Oklo, Gabon, vinu vya asili viliwaka vyenyewe miaka bilioni 2 iliyopita. Plutoniamu iliyozaliwa humo haikusafiri. Ilioza palepale ndani ya oksidi ya urani, na madini adimu mengi yalibaki karibu. Sesiamu na sehemu kubwa ya strontiamu ziliondoka. Bila kopo na bila mhandisi, oksidi ya urani iliwashika walio wagumu na kuwaachia walio wepesi.

Udhaifu wake ni oksijeni. Kwenye maji yasiyo na oksijeni kidonge huyeyuka kidogo mno. Palipo na oksijeni urani hubadilika na kuanza kwenda na maji. Tazama udongo wetu: wekundu wake ni chuma kilichoshika kutu, ishara kwamba oksijeni imeshuka chini pamoja na mvua kwa muda mrefu. Fueli nzima isingefaa kukaa kwenye tabaka hilo hata kidogo. Ingelazimu kwenda chini zaidi, kwenye mwamba mgumu ambao haujaoza. Kauri za titaniamu hazijali sana oksijeni, kwa kuwa titaniamu yake imekwisha kuichukua yote inayoihitaji. Kwa hiyo anayetaka kuzika kwa kina kifupi hana budi kulipia kauri iliyo bora, na anayeweza kuchimba mamia ya mita kwenye mwamba tulivu anaweza kuiacha fueli ilivyo. Kwa mwamba tulivu, mashariki na kaskazini tuna nafuu kuliko magharibi, ambako tetemeko la Toro la mwaka 1966 bado linakumbukwa.

Kasoro nyingine ya fueli nzima ni kwamba sehemu ya iodini na sesiamu imekwisha kusogea na kukaa kwenye nafasi kati ya kidonge na mrija. Siku kopo litakapotoboka, hizo hutoka mara moja. Shaba na bentonaiti zipo kwa ajili hiyo.

Taka tulizonazo leo

Buyende ni ya kesho. Leo Uganda ina vyanzo vya mionzi vya hospitali na viwanda, chini ya usimamizi wa Baraza la Nishati ya Atomiki lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2008. Kobalti-60 ya mashine za saratani ni metali, hupungua nusu kila miaka 5.3, na haihitaji kauri yoyote: kasha imara, saruji na ulinzi vinatosha. Kwa glavu, chupa na vitambaa vyenye mionzi hafifu, saruji ni bora kwa bei na kwa urahisi.

Sesiamu ndiyo ya kuangaliwa. Vyanzo vingi vya zamani viliitumia kama kloridi, chumvi inayoyeyuka majini. Mwaka 1987 huko Goiânia, Brazil, waokota vyuma chakavu walifungua kichwa cha mashine iliyoachwa kwenye kliniki tupu. Unga wake ukaenea nyumba hadi nyumba na watu wanne wakafa. Kama sesiamu ile ingekuwa ndani ya kauri kama poluksaiti, au hata ndani ya kioo, isingepakwa mikononi wala kuingia kwenye chakula kwa wepesi ule. Saruji hapa haitoshi, maana sesiamu huipenya. Kwa vyanzo kama hivyo, kisima chembamba kirefu cha kuzikia, njia iliyobuniwa Afrika Kusini na kuendelezwa na Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki, kinaifaa nchi isiyo na taka nyingi.

Ningechaguaje

Mkataba wa kinu ukisema fueli itarudi kwa muuzaji, kama Bangladesh ilivyokubaliana na Urusi mwaka 2017 kwa ajili ya kinu cha Rooppur, basi uteuzi wa nyenzo utakuwa wa muuzaji kwa sehemu kubwa. Hata hivyo ni lazima kuuliza kama taka zilizochakatwa zitarudi. Sheria ya Ufaransa, kwa mfano, hairuhusu taka za nje zibaki nchini humo baada ya fueli kuchakatwa: makopo ya kioo hurudi kwa mwenyewe. Nchi inayotuma fueli kwa njia hiyo imechagua kioo hata kama haikutamka, na itahitaji ghala la kuyapoza makopo hayo kwa miongo mingi.

Mkataba ukituachia fueli, ningeiacha nzima. Ingepoa kwenye maji kwa miaka kadhaa, kisha ikakaa ndani ya makasha makavu ya chuma na saruji huku mwamba ukichunguzwa bila haraka. Kiwanda cha kuchakata kwa kinu kimoja au viwili ni mzigo ambao hauna sababu ya kubebwa na mlipa kodi wa Uganda, na bila kuchakata, kioo hakina kazi hapa. Synroc na zirkonolaiti ningeziacha kwa nchi zenye plutoniamu iliyotengwa tayari. Ningependa lakini vijana wetu wa vyuo vikuu vya Makerere na Busitema wazisome, wazioke kwenye tanuri za maabara kwa seriamu badala ya plutoniamu, na kuzipima kwenye maji ya visima vya Buyende na Kamuli. Kazi hiyo haihitaji mionzi wala mabilioni, na itatupa watu wanaoweza kumwuliza mkandarasi swali kwa lugha yake.

Kwa wazee na viongozi wa Buyende watakaokaa kwenye mikutano ya tathmini ya mazingira, ningeomba waulize mambo haya hadharani na majibu yaandikwe: fueli iliyotumika ni mali ya nani siku inapotoka kwenye kinu, ikichakatwa, nini kitarudi, ndani ya nyenzo gani na kwa ujazo gani, mwamba umechimbwa hadi kina gani, na maji yaliyopatikana chini yana oksijeni au hayana, na fedha za makasha na shimo zitatoka wapi. Kwa hilo la mwisho kuna mfano wa kufuata. Marekani ilikuwa ikitoza sehemu moja ya kumi ya senti kwa kila kilowati-saa ya nyuklia hadi mwaka 2014, na Finland ina mfuko maalumu ambao wenye vinu huuchangia. Uganda inaweza kuanza siku ileile kinu kitakapowashwa, kwa kiasi kidogo kinachotengwa kwenye kila uniti ya Yaka, umeme wetu wa kulipia kabla, na kuwekwa mahali ambapo bajeti ya mwaka haiwezi kukigusa.